Saini ya Kumi na Mbili

Najua ninavyojulikana. Uliza Moshono nzima hapa Arusha, watakuambia yule muuza njumu za mtumba ni mtu wa masihara, hata msibani anachekesha watu mpaka wafiwa wanamtafutia kazi ya kupasua kuni mbali na turubai. Ni kweli kabisa. Shule niliishia kidato cha pili, na siku naondoka kwenda huko babu yangu alinitemea mate kichwani kunibariki, kama tunavyofanya sisi watu wa Meru. Nikarudi kabla ya mtihani. Sijui mate hayakutosha au kichwa kilivuja.

Lakini hili la leo sitanii. Limenitokea mimi, mchana, sijanywa hata soda. Kama huamini, njoo nyumbani uangalie mipira yangu. Ukigusa wino utausikia mbichi kidoleni, na mipira yenyewe mingine ina umri mkubwa kuliko baba yangu.

Ndiyo, mipira. Mimi nakusanya mipira ya zamani ya ngozi, ile ya kufungwa kwa kamba, yenye saini za wachezaji. Kwetu ukoo mzima wanakusanya ng'ombe. Baba alipokuja mara ya kwanza akakuta nimeipanga kabatini, aliizunguka kimya kimya, halafu akaniuliza, "Hii unaikamua saa ngapi?" Mpaka leo shangazi zangu wakinipigia simu wanauliza mifugo haijambo.

Wacheke tu. Mimi ninachokijua nakijua. Niletee mpira, nitakuambia kama ngozi imezeeka yenyewe au imezeeshwa. Kuna watu wanachukua mpira wa juzi wanauloweka kwenye chai ya rangi, wanautundika darini jikoni ule moshi, kisha wanajiandikia majina. Unaangalia nyufa. Saini ya kweli imepasuka pamoja na ngozi, maana iliandikwa ngozi ikiwa nzima. Ya uongo wino wake umeingia ndani ya ufa, maana ufa ulitangulia. Rahisi, sivyo? Kipimo changu cha mwisho sasa, ambacho wenzangu wananicheka nacho, ni mate. Natema kidogo palepale kwenye jina, tfu, nasugua na kidole gumba. Wino wa zamani hautikisiki. Wa jana unakimbia kama mdaiwa.

Mangi hatemi mate. Mangi ni rafiki yangu, Mchaga, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Sokon One, na yeye ndiye aliyeniharibia maisha, ingawa ukimuuliza atasema ni mimi. Yeye anapima mipira kwa pamba, spiriti na kioo cha kukuzia kilichoagizwa nje. Anavaa na glovu, utasema anazalisha. Miaka yote tumekuwa tukishindana. Akipata mpira mzuri mimi silali. Nikipata mimi, yeye anaanza kukohoa. Ila kwa ujumla nilikuwa namzidi, na watu wenye mipira yao walikuwa wananiletea mimi niiangalie. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Sina cheti hata kimoja, lakini nikisema mpira ni wa kweli, ulikuwa wa kweli.

Sasa sikiliza.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na kipaimara kule Akheri. Baada ya ibada, kama kawaida yetu Walutheri, mnada nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu ananiangalia kwa lawama. Mara anatokea bibi mmoja mjane, Bibi Ndeanka, amebeba kitu kwenye kanga. Sadaka yake. Anafungua, ni mpira.

Nikuambie ukweli, nilipiga watu vikumbo mpaka mbele. Ulikuwa mpira wa timu ya shamba moja la kahawa, vijana wa kuchuma kahawa tu, ambao wazee wa huku mpaka leo wanahadithia walivyowapiga watu wa Moshi. Saini kumi na moja, zimepasuka na ngozi vizuri, kamba yake ileile, na sehemu moja mshono umefumuka ukarudishiwa kwa uzi wa bluu. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Majina yalikuwa yamebanana, lakini katikati kulikuwa na nafasi tupu, kama pengo la jino.

Na mimi ujinga wangu, badala ya kunyamaza ninunue, nikaupiga picha nikarusha kwenye grupu letu la mipira. Nikaandika, "Mtakufa na presha." Mnada haujafika hata kwenye jogoo, pikipiki hiyo, Mangi anashuka na suti ya kanisani. Mangi ni Mkatoliki! Kwetu alifuata nini?

Alinipandia dau mpaka mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akanionea huruma, akaniambia, "Mwanangu, chukua hata mayai."

Mangi alinishika bega wakati anaondoka. "Usinune, ndugu yangu. Karibu dukani uje uutazame. Kuangalia ni bure."

Nilienda. Nitakudanganya nini, nilienda kila siku. Aliuweka kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta, akaukalisha juu ya kitambaa chekundu, kufuli, ufunguo kiunoni. Nikawa naingia nanunua misumari ili niuone. Misumari mpaka mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, tunajenga wapi?" Chakula kilinishinda. Nikilala namwona Mangi na glovu zake anaupapasa. Umewahi kumwonea mtu wivu mpaka ukatamani kitu chake kiungue, hata wewe usikipate? Basi ndiyo hapo nilipofika. Sikutaka tena mpira. Nilitaka Mangi asiwe nao.

Jumamosi iliyofuata nikafunga kibanda nikapanda Akheri kwa Bibi Ndeanka. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamuamkia, nikakaa, nikamsifia migomba, nikamsifia mbwa, halafu nikauliza kama marehemu mume wake aliacha mpira mwingine.

"Ule ulikuwa peke yake," akasema. "Mume wangu aliufungia kwenye sanduku, hakutaka uonekane. Nami nikaona nikifa nitamjibu nini Mungu, bora niutoe sadaka."

"Kwa nini hakutaka uonekane, bibi?"

"Kunywa chai, baba," akasema. Ndiyo jibu nililopata.

Nikashuka na chuki yangu. Saa tisa hivi mlima ukajifunika, unajua Meru ilivyo, dakika jua, dakika huoni kidole chako. Ukungu ukashuka kwenye migomba, na manyunyu juu. Nafuata njia ya kando ya mfereji huku najisemea moyoni, na Mangi aibiwe, na Mangi kabati limwangukie, mambo ya Kikristo hayo. Mara mbele yangu kuna chalii amesimama. Kijana wa miaka ishirini na kitu, bukta ndefu ya kizamani, njumu nzito za ngozi miguuni. Mimi muuza njumu, nilianza kuangalia miguu. Njumu za namna ile sijaziuza hata siku moja.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba, chalii wangu. Hujambo?"

Hakusema sijambo. Alitabasamu, nikuambie, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitikiwa muda mrefu sana. Kumbuka hiyo marahaba. Nimeijutia kuliko mkopo wowote.

"Nasikia unajua mpira wa kweli na wa uongo," akasema.

"Arusha nzima hii hakuna kama mimi." Hata kwenye ukungu, mbele ya mtu nisiyemjua, nilikuwa najipigia debe.

"Niangalizie huu."

Akautoa kwapani. Mama yangu! Mpira uleule. Majina yaleyale kumi na moja, nyufa zilezile, hata uzi wa bluu mahali palepale. Sasa mtu mwenye akili angesemaje? Angesema huu ni mpira wa Mangi, umefikaje huku? Au angeuliza, mvua inanyesha, mimi nimelowa mpaka soksi, mbona ngozi ya mpira ni kavu kama biskuti? Mimi sikuuliza. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: kumbe wa Mangi ni wa kughushi! Wameghushi mpaka uzi! Wa kweli ni huu! Nikaona sura ya Mangi nikimwambia. Haki ya Mungu, nusura nicheke kwa sauti.

Nikaukagua akiwa ameushika kifuani, hakutaka kuuachia. Jina la kwanza, la kweli. La pili, la kweli. Nikazunguka hivyo mpaka nikafika kwenye lile pengo. Halikuwa pengo tena. Palikuwa na jina, Eliakimu, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza taratibu, na wino unang'aa. Mbichi.

"Hilo vipi?" akaniuliza. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya mtoto anayeuliza kama kaka yake kapewa kipande kikubwa zaidi.

Nilijua la kujibu. Wino mbichi ni uongo, mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini nikisema uongo, mpira wote umeharibika, na Mangi ameshinda.

"Ukisema ni la kweli, uchukue," akasema. "Sitaki hela. Sema tu."

Nikafanya kipimo changu. Tfu, juu ya jina. Upepo kidogo, mate mengine yakamwangukia mikononi na kifuani. Nikasugua na kidole gumba. Wino ulikuwa mbichi, nasikia ubichi wake kidoleni, lakini haukusogea. Hata nukta. Sijawahi kuona kitu kama kile.

"La kweli," nikasema. "Huyu naye ni wa timu."

Yule chalii akainamisha kichwa mbele yangu, chini kabisa, kama watoto wetu wanavyoinama kwa wazee. Akabaki hivyo. Nikafikiri anatafuta kitu chini. Halafu akasema, "Asante baba," akaniwekea mpira mikononi. Ulikuwa wa moto kama uji. Nilipoinua macho hakuna mtu, ni migomba tu inadondosha maji.

Niliogopa? Hapana! Hapo ndipo ujue wivu ni ugonjwa. Mtu amepotea mbele ya macho yangu, mimi nawaza duka la Mangi linafungwa saa ngapi.

Niliingia Sokon One nimelowa kama kuku wa mnada. Mangi alikuwa anapima nyaya. Nikamwambia mbele ya wateja, "Mangi, ndugu yangu, kaa chini. Wanaume huumia."

"Umeshakunywa?"

"Ule mpira wako ni feki. Wa kweli ninao mimi."

Nikautoa kwenye mfuko, nikautua kwenye kaunta. Mangi akauangalia. Akageuka taratibu kwenye kabati. Kufuli liko palepale, ufunguo kiunoni kwake, kioo kizima. Kitambaa chekundu kipo, katikati kuna kishimo cha mviringo ulipokuwa umekaa mpira. Mpira hakuna.

Mteja mmoja akasema, "Duh."

"Asubuhi nimeufuta vumbi," Mangi akasema. Hakufoka. Ningependa angefoka. "Umeingiaje, ndugu yangu? Ungeniomba tu. Ungekuja ukaniambia Mangi, nimeshindwa kulala, ningekuazima hata wiki."

"Nimepewa. Akheri, na chalii mmoja."

"Na hili jina umeliandika wewe?" Akalipitishia pamba na spiriti, na glovu zake. Halikutoka. Akachukua kioo chake, akainama. Nilimwona uso unabadilika rangi. Akanipa kioo. Nikaangalia. Wino ulikuwa mbichi, unang'aa, lakini umepasuka pamoja na ngozi. Ufa ulikuwa unapita katikati ya jina, juu mpaka chini. Jina lilitangulia ufa.

Hilo haliwezekani. Muulize mtu yeyote wa mipira.

Tukapanda Akheri wote wawili palepale, kwenye pikapu yake ya saruji. Bibi Ndeanka alikuwa bado na maharage yake. Mangi akamwonyesha lile jina, mimi nikamweleza nilivyopewa mpira na yule chalii. Bibi akaweka ungo chini. Akalipitishia kidole kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Shemeji yangu," akasema.

Akatueleza. Eliakimu alikuwa mdogo wa mume wake. Wote wawili walicheza timu ile, na namba ilikuwa moja. Ikapigwa mechi ya watu wa Moshi, kocha akamchagua mkubwa. Waliposhinda, mpira ukapitishwa waandike majina. Eliakimu alisimama pale na njumu zake miguuni, akisubiri kalamu. Wakamwachia nafasi, maana alikuwa mwenzao. Kalamu ikafika kwa kaka yake, naye akairusha juu ya kichwa cha mdogo wake, kwa yule aliyefuata.

"Mume wangu alimwonea wivu," Bibi akasema. "Mdogo wake alikuwa anacheza vizuri kuliko yeye, na alijua. Eliakimu akasema anaondoka, anakwenda mlimani kupasua mbao. Akamwinamia baba yake amtemee mate, kama desturi. Mzee naye alikuwa upande wa mkubwa. Akafunga mdomo. Kijana akaenda hivyohivyo, hajabarikiwa. Hakurudi. Walimtafuta msituni, hawakupata hata njumu."

Mangi akavua kofia.

Bibi akanigeukia. "Alikuamkia?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Ukamwitikia?"

"Marahaba."

"Alikuinamia?"

Nikaficha kidole gumba mfukoni. Mangi, ambaye anajua ninavyopima mipira, akanijibia, na ndiyo siku pekee aliyowahi kuyataja mate yangu bila kunicheka. "Bibi, huyu anatemea."

Bibi akaokota ungo wake. "Basi," akasema, "wewe ndiye baba yake sasa."

Unacheka? Hata Mangi alicheka, lakini baadaye, tukiwa kwenye gari, tena kwa woga. Mimi sina mtoto wa kiume, nina Neema tu. Nimerudi Moshono nikiwa na mtoto wa kiume mwenye umri mkubwa kuliko baba yangu mzazi.

Nami nakuambia, ni mtoto kweli. Asubuhi iliyofuata nikafungua kabati langu. Mpira wangu ninaoupenda kuliko yote, niliousifia jana yake tu: Eliakimu. Wino mbichi. Wiki haijaisha, mipira yote. Timu za shule, timu za reli, timu ambazo zilivunjika kabla hajazaliwa, kote yumo, mwandiko uleule wa taratibu. Nani ataamini mkusanyaji ambaye mipira yake yote ina mtu mmoja? Kwenye grupu walinitoa. Sasa hivi watu wakiwa na mpira wanampelekea Mangi.

Na wa Mangi je, niliomrudishia palepale? Hapo ndipo roho inaponiuma. Wa Mangi umepanda hadhi! Una saini kumi na mbili na kisa, watu wanatoka mbali kuuona, anawasimulia huku amevaa glovu. Mipira yake mingine haijaguswa hata mmoja. Eliakimu hana shida na mali za Mangi, Mangi si baba yake. Mimi ndiye nimetukanwa, nimefukuzwa, nimeharibikiwa, na bado mwenye faida ni Mangi. Wivu wangu uko palepale, umenenepa.

Lakini si mipira inayoninyima usingizi. Nimemsoma huyu mtoto. Anaandika kwenye kile ninachokisifia. Nikisema chai leo nzuri, kesho jina liko kwenye kikombe. Mwaka jana Neema alikuwa wa pili darasani. Aliingia anakimbia na karatasi yake, nikafungua mdomo, nikakumbuka. Nikaufunga. Uso wa mtoto ukashuka. Ndipo nikajiona mimi ni yule mzee wa Akheri, baba yake Eliakimu, nimefunga mdomo mbele ya mtoto aliyeinama.

Nilimshika mkono nikampeleka mpaka barabara kubwa, kwenye jua kali, mbali na ukungu wote wa mlima, nikamsifia pale mpaka wapita njia wakasimama. Jioni nikamwangalia viganja vyote viwili. Visafi. Kisha nikakaa peke yangu mbele ya kabati, nikaona aibu kidogo, nikasema kwa sauti, "Na wewe Eliakimu, umecheza vizuri." Siku ile hakuandika kitu. Sasa nasema hivyo kila jioni. Mke wangu anadhani naongea na mipira. Hakosei sana.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, shika hili. Ukipita Akheri mlima umejifunika, na kijana mwenye njumu za kizamani akakupa shikamoo, usiitikie haraka, hata akikuita baba kwa heshima zote. Meza mate yako. Hasa kama siku hiyo kuna mtu unamwonea wivu, maana hapo huoni wala husikii. Muulize kwanza, wewe ni mtoto wa nani?

Akikujibu kwamba baba yake yuko Moshono, anauza njumu, basi usiogope, umemkuta wangu. Mwambie nimesema, kama kwapani ana mpira wa watu aurudishe, na arudi nyumbani. Mvua inakuja.